Sura ya Sita: Usomee Nini Ukitaka Kuishi kwa Mpira au Muziki

Januari 2020, Mbwana Samatta alipoondoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa, Watanzania walikaa mbele ya televisheni kusubiri mechi yake ya kwanza katika Ligi Kuu ya England. Ada ya uhamisho ule iliripotiwa kuwa karibu pauni milioni 8.5. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kila msimu aliokaa klabuni kati ya miaka 12 na 15 huipa klabu hiyo robo ya asilimia moja ya ada, na kila msimu wa kuanzia miaka 16 hadi 23 huipa nusu ya asilimia moja. Nusu ya asilimia moja ya pauni milioni 8.5 ni pauni 42,500, ambazo kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati ule zilizidi shilingi milioni 120 za Tanzania. Huo ni msimu mmoja tu wa kijana mmoja. Samatta alipita Mbagala Market, iliyokuja kuitwa African Lyon, akapita Simba, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi, ndipo akavuka kwenda Ulaya.

Fedha za namna hiyo hudaiwa kwa karatasi. Inatakiwa fomu ya usajili yenye tarehe ya kuzaliwa iliyo sahihi, tarehe ya kuingia klabuni na ya kutoka, sahihi za wahusika, na taarifa zote hizo ziwe zimeingizwa kwenye mfumo wa shirikisho, kwa kuwa humo ndimo inamotoka pasi ya mchezaji inayoonyesha alilelewa wapi na kwa muda gani. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo maalumu jijini Paris cha kukokotoa na kulipa malipo hayo, nacho husoma kumbukumbu, hakisikilizi hadithi za wazee wa klabu. Klabu ya mtaani iliyoandika majina ya vijana wake kwenye daftari la katibu, kisha katibu akahama na daftari lake, haina cha kuonyesha. Kijana anayeweza kuitunzia klabu kumbukumbu hizo, anayejua ni kanuni ipi inampa nani haki gani, anayeweza kuandika dai kwa Kiingereza au Kifaransa kilichonyooka na kuhakiki hesabu yake, ana kazi katika mpira hata kama hajawahi kuvaa jezi.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu inaonyesha mahali vijana wetu wengi wanapokosea wanapochagua fani ya kusomea. Anayependa mpira humtazama mfungaji, msemaji wa klabu na mchambuzi wa redioni, akadhani kazi za mpira ni hizo tatu. Anayependa muziki humwona mwimbaji na prodyuza. Akifika kwenye fomu ya udahili hutafuta kozi yenye neno michezo au sanaa katika jina lake, na asipoiona hukata tamaa, akajaza chochote kitakachomridhisha baba. Hoja ninayoitetea ni tofauti. Anayetaka kuishi kwa michezo au burudani achague chuoni taaluma inayosimama yenyewe, yaani inayotambulika na kulipwa hata nje ya uwanja na jukwaa, kisha aiingize taaluma hiyo michezoni au kwenye muziki tangu mwaka wa kwanza wa masomo. Nusu moja ya ushauri huu bila nyingine haifanyi kazi, na nitaeleza kwa nini.

Swali lenyewe limekuwa zito kuliko lilivyokuwa kwa kizazi kilichopita. Kenya sasa ina mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, sambamba na mkondo wa sayansi na ule wa masomo ya jamii, na wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo wameingia Januari 2026. Tanzania nayo mwaka 2024 ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, zikiwemo za michezo na za sanaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo pamoja na sanaa za ubunifu, kile cha Kenyatta kina historia ndefu katika fani hizo, Malya kuna chuo cha michezo, Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa ya TaSUBa. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja michuano ya CHAN, na fainali za AFCON za 2027 zimepangwa kuchezwa katika nchi hizo hizo tatu. Kwa hiyo mzazi anayesema mpira si kazi amepitwa na wakati. Lakini kijana anayemjibu kwa kutaja jina la mchezaji tajiri naye hajajibu kitu, kwa sababu ajira nyingi hazipo alipo mchezaji yule.

Tazama fedha zinakopita. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wa miaka 10 na wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mkataba wa ukubwa huo huandikwa na wanasheria, hukaguliwa na wahasibu, huuzwa kwa wadhamini na watu wa masoko, hurushwa hewani na mafundi wa kamera, sauti na mitambo. Siku ya mechi Chamazi, Kirumba au Uwanja wa Benjamin Mkapa, kabla refa hajapuliza filimbi, tayari kuna watu wa tiketi, wa usalama, wa umeme, daktari, gari la wagonjwa, mtaalamu wa tiba ya viungo, waandishi, wakalimani wa timu ngeni na mtu anayepiga hesabu ya mapato ya mlangoni. Wachezaji 22 wako uwanjani, lakini waliofika pale kikazi ni wengi mara kadhaa kuliko hao. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, katika masharti yake ya leseni za klabu, huitaka klabu ionyeshe kwamba ina mtu wa fedha, mtu wa habari, mtu wa usalama, daktari na mtaalamu wa viungo. Hizo ni nafasi zilizoandikwa kwenye kanuni, na kila mojawapo ina njia yake chuoni.

Sasa angalia waliokaa kwenye viti vya juu walisomea nini. Rais wa Yanga aliyechaguliwa Julai 2022, Hersi Said, hujulikana kila mahali kama Injinia Hersi. Barbara Gonzalez, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Simba kuanzia 2020 hadi 2022, alitokea kwenye ushauri wa biashara. Arsène Wenger alikuwa na shahada ya uchumi ya Strasbourg kabla hajawa kocha wa Arsenal. Ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, imeongozwa tangu 1984 na watu wawili tu: David Stern, aliyesoma historia kisha sheria, na Adam Silver, aliyesoma sayansi ya siasa kisha sheria. Liverpool iliyotwaa ubingwa wa Ulaya 2019 na wa England 2020 ilikuwa na kitengo cha utafiti kilichoongozwa na Ian Graham, mwenye shahada ya uzamivu ya fizikia kutoka Cambridge. Kuna wanaokwenda kinyume, na haifai kuwaficha: José Mourinho alisomea sayansi ya michezo Lisbon, na elimu hiyo ilimfaa. Lakini Mourinho alitaka kufundisha, na kwa mwalimu wa timu sayansi ya michezo ni taaluma kamili. Hata hivyo kilichomwingiza Barcelona kilikuwa lugha, kwani alikwenda kumtafsiria kocha Bobby Robson.

Klabu zetu kubwa nazo zimetoa ushahidi wao, wenye kuumiza kidogo. Nafasi ya mtendaji mkuu pale Simba na Yanga imewahi kushikwa na Senzo Mbatha wa Afrika Kusini, kisha Andre Mtine wa Zambia kwa upande wa Yanga na François Regis wa Rwanda kwa upande wa Simba. Sina neno baya juu ya wageni hao, kwani mpira hauna mipaka na wetu pia huajiriwa kwingine. Ninachosema ni kwamba katika nchi yenye mamilioni ya mashabiki wa klabu hizi mbili, wanaojua kila pasi iliyopigwa tangu enzi za wazee, ujuzi wa kuendesha klabu kama taasisi ulifika mahali ukatafutwa nje. Mapenzi hatukupungukiwa nayo. Tulipungukiwa watu wenye utaalamu wa fedha, mikataba na uongozi waliokuwa wamekwisha kuutumia ndani ya mpira.

Sheria ndiyo fani ninayoona imedharauliwa zaidi na vijana wa michezo na wa muziki, na ndiyo ambayo ushahidi wake ni mzito zaidi. Haki ya mchezaji wa Ulaya kuondoka bure mkataba wake ukiisha ilipatikana mahakamani mwaka 1995, kwa kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa kawaida wa Liège ambaye klabu yake ilikuwa imemzuia kwenda Dunkerque. Magoli yake wachache wanayakumbuka, lakini hukumu ile ilibadilisha mishahara ya soka duniani kote. Nyumbani, Desemba 2022, Feisal Salum alitangaza kuachana na Yanga akiamini kwamba amevunja mkataba kwa kurudisha fedha. Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na ilifika Juni ndipo akatua Azam FC. Kiungo bora akiwa katika umri wake mzuri alikaa nje nusu msimu mzima, na jambo lote lilizunguka vifungu vya mkataba mmoja. Kenya imekwenda mbele zaidi kwa kuunda, chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, baraza maalumu la kusuluhisha migogoro ya michezo. Mahali penye baraza la namna hiyo panahitajika mawakili wanaojua tofauti ya usajili wa mkopo na usajili wa kudumu bila kufundishwa upya na mteja.

Katika muziki hali ni hiyo hiyo, tena wakati mwingine ni kali zaidi kwa sababu wimbo huishi kuliko mwimbaji. Mzulu Solomon Linda alirekodi “Mbube” Johannesburg mwaka 1939, na haki za wimbo ule zikamtoka kwa shilingi 10. Alifariki 1962 akiwa maskini, huku wimbo ukizunguka dunia kwa jina jingine hadi kuingia kwenye filamu ya Disney. Walioigeuza hali hiyo ni wanasheria. Wakili Owen Dean alifukua sheria ya hakimiliki ya Dola ya Uingereza ya mwaka 1911, ambayo ilisema haki zilizouzwa na mtunzi hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo. Kwa hoja hiyo kesi ikafunguliwa 2004, na 2006 pande mbili zikafikia suluhu iliyowapa mabinti wa Linda malipo. Anayefikiri kozi ya sheria ya hakimiliki ni somo kavu na lenye kuchosha aifikirie familia ile, kisha aukumbuke “Malaika”, wimbo wetu uliotangaa kuliko mwingine wowote wa Afrika Mashariki, ambao utunzi wake unagombaniwa mpaka leo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa 2016. Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe Hamis Mwinjuma na Ambwene Yessaya, yaani MwanaFA na AY, zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila ruhusa. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa na shauri likapanda mahakama za juu, lakini wasanii wote wa Bongo Fleva walijifunza siku ile kwamba mwito wa simu una mwenyewe. MwanaFA mwenyewe alikuwa amesomea fedha hadi shahada ya uzamili huko Uingereza, naye baadaye akawa mbunge wa Muheza na naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa na michezo. Tangu Februari 2021, Spotify ilipofunguliwa Tanzania, Kenya na Uganda, mapato ya wimbo huja vipande vipande kutoka nchi nyingi, yakiwa na mgawo wa mtunzi, wa mtayarishaji, wa lebo na wa msambazaji. Mtu anayeweza kuisoma taarifa ya mirabaha mstari kwa mstari na kugundua kwamba jina la aliyepiga gitaa au kutunga kiitikio limeachwa anahitajika katika kila studio ya Sinza na kila lebo ya Nairobi. Mtu huyo hupatikana kwenye darasa la uhasibu.

Hata tamasha husimama kwa bajeti kabla ya kusimama kwa ngoma. Sauti za Busara, linalofanyika Ngome Kongwe, Zanzibar, tangu 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu fedha hazikutosha. Wasanii walikuwepo, wapenzi walikuwepo, na ukumbi uko pale pale tangu enzi za Waomani. Lilikosekana fungu, na kutafuta fungu ni kazi ya mtu anayejua kuandika andiko la mradi, kuzungumza na wadhamini na kutoa hesabu zinazoaminika. Kila mwaka tamasha linapofanyika, nyuma ya mwimbaji kuna mtu wa namna hiyo.

Kwa upande wa mwili wa mwanamichezo, nafasi ni wazi mno kiasi kwamba sihitaji kukaa hapo sana. Moshi, katika chuo cha KCMC, hufundishwa tiba ya viungo, na Kenya kuna vyuo vya tiba vya KMTC. Mhitimu wa fani hiyo anaweza kumtibu winga wa Ligi Kuu asubuhi na bibi aliyepooza jioni kwa leseni ile ile. Kenya ina sheria ya kupambana na dawa haramu michezoni tangu 2016, na mwishoni mwa 2022 serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano kwa vita hiyo, baada ya wanariadha wengi kufungiwa. Vita hiyo inataka wakemia, wauguzi, wafamasia na waelimishaji wa vijijini huko Iten na Kapsabet. Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 Munich 1972, aliendelea na masomo Marekani mpaka akawa profesa wa sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mbio zake za Munich hazikufika dakika mbili, na ualimu ukamweka michezoni kwa miongo kadhaa.

Kwa nini nasisitiza taaluma inayosimama yenyewe? Kwa sababu michezo na burudani ni sekta inayotikisika upesi. Mwaka 2019 SportPesa iliondoa udhamini wake Kenya baada ya mvutano na serikali kuhusu kodi na leseni, na Gor Mahia, AFC Leopards na ligi yenyewe zikabaki na pengo ambalo halikuzibwa kwa urahisi. Mwaka 2020 korona ilifunga viwanja na kumbi za muziki. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya hadi Novemba mwaka ule, na kwa miezi yote hiyo timu za nchi hazikuwa na mechi ya kimataifa. Katika kila mojawapo ya matukio hayo, mhasibu wa klabu aliweza kuhamia hospitali au kiwandani na kurudi mambo yalipotulia, mtaalamu wa viungo aliweza kufungua kliniki, fundi wa sauti aliweza kufunga mitambo msikitini, kanisani au kwenye kumbi za mikutano. Aliyekuwa na cheti kisichoeleweka nje ya uwanja hakuwa na pa kuhamia. Kwa hiyo nampa kila mwombaji wa chuo kipimo kimoja: klabu yako au lebo yako ikifungwa kesho, nani mwingine atakuajiri kwa shahada hii? Ukiweza kutaja waajiri watatu wa aina tofauti, kozi hiyo inafaa.

Kuna watakaonipinga, na pingamizi la kwanza ni la haki. Watasema zipo shahada za usimamizi wa michezo zilizotungwa mahsusi kwa kazi hii, hivyo kumpeleka kijana kwenye uhasibu ni kumzungusha. Sizipuuzi shahada hizo. Nasema zisomwe ndani kabla ya kuchaguliwa. Chukua orodha ya masomo ya miaka yote mitatu. Kama ina uhasibu wa kweli, sheria ya mikataba, takwimu, na mafunzo kwa vitendo katika klabu au shirikisho linalotajwa kwa jina, basi ni taaluma inayosimama na haina tofauti kubwa na ninachoshauri. Kama imejaa historia ya michezo, falsafa ya michezo na utangulizi wa kila kitu, mhitimu atatoka akijua kuzungumza juu ya michezo bila kuweza kuifanyia jambo. Tena wenye kozi bora za fani hii huziweka juu ya shahada nyingine: ile maarufu ya FIFA Master, iliyoanza mwaka 2000 na kufundishwa Leicester, Milan na Neuchâtel, ni ya uzamili, na wanaojiunga huja wakiwa wanasheria, wanauchumi, wahandisi au wanamichezo waliokwisha kusoma. Utaalamu wa michezo huongezwa juu ya ujuzi mwingine.

Pingamizi la pili ni la mtaani: Diamond Platnumz hakuhitaji chuo kikuu, na leo ana lebo, redio na televisheni. Ni kweli, na juhudi yake ni ya kuheshimiwa. Ila lebo, redio na televisheni hizo zimeajiri watu, na watu hao wamesomea utangazaji, uhariri wa video, masoko, fedha na sheria. Kwa kila msanii mmoja anayefika pale, wapo maelfu waliorekodi nyimbo mbili tatu wakapotea, na kipaji chao huenda hakikuwa kidogo. Marekani, ambako michezo ya vyuo ni biashara kubwa kuliko popote, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, huwaambia wanamichezo wake waziwazi kwamba wasiofika asilimia 2 ndio wanaokuja kucheza kwa kulipwa. Hao ni vijana waliochujwa tayari kwa kipaji. Anayeamini kweli kwamba yeye ni mchezaji au mwimbaji acheze na aimbe, tena aanze sasa, maana umri hausubiri. Chuo hakimzuii kufanya hivyo.

Na kwa yule anayetaka jukwaa lenyewe, aende akafundishwe ufundi wa jukwaa, kwa sababu nao ni taaluma inayosimama. Lupita Nyong'o alifanya kazi nyuma ya kamera kwenye “The Constant Gardener” ilipopigwa Kenya, alisoma pia filamu na maigizo chuoni Marekani, kisha akaingia shule ya maigizo ya Yale na kumaliza 2012. Tuzo ya Oscar ilikuja 2014. Anayejifunza kupiga kanuni au fidla katika chuo cha muziki Zanzibar, au kupanga taa na sauti TaSUBa, anapata ujuzi wa mikono utakaomlisha kwenye harusi, kanisani, hotelini na studio, hata kama jina lake halitaandikwa kwenye mabango. Ninachokiogopa ni ile njia ya katikati, ya kijana ambaye hafanyi sanaa kwa bidii na hasomi fani nyingine kwa bidii, akangojea bahati.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote. Mtu ataniambia: wahitimu wa sheria na uhasibu wasio na kazi wamejaa mitaani, na mpira huajiri kwa kujuana, hivyo shahada ya fedha haimfungulii mtu mlango wa Yanga. Nakubali. Ndiyo maana nilisema hoja yangu ina nusu mbili. Shahada pekee haikupeleki uwanjani, inakufanya uwe na kazi ya kufanya ukishafika. Kufika kwenyewe huanza mapema na chini sana: kumtunzia hesabu mwenyekiti wa timu ya mtaani ya Ndondo Cup ambaye mapato yake yote yako mfukoni, kuandika takwimu za mechi za shule za sekondari za UMISSETA, kumsaidia katibu wa chama cha soka cha wilaya kupanga fomu za usajili dirisha linapokaribia kufungwa, kumwandikia msanii chipukizi makubaliano ya ukurasa mmoja na prodyuza wake kabla wimbo haujatoka. Kazi hizo hazilipi, au zinalipa nauli. Lakini huko ndiko watu wa mpira na muziki wanakojuana, na anayefika akiwa na ujuzi ambao wengine pale hawana hukumbukwa. Mwanafunzi wa sheria aliyefanya hivyo kwa miaka mitatu hafanani na mwenzake aliyebaki maktaba, ingawa vyeti vyao vinafanana.

Nitaongeza jambo moja ambalo washauri wa wanafunzi hulisahau, nalo ni lugha. Tangu 2023 anayetaka kuwa wakala wa wachezaji lazima afaulu mtihani wa FIFA, na mtihani huo hutolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Sehemu kubwa ya soka la Afrika huendeshwa kwa Kifaransa. Mchezaji anayetoka Lubumbashi, Abidjan au Bamako kuja Dar es Salaam huja na karatasi za Kifaransa, na klabu humtafuta mtu wa kuzisoma. Kijana wa Bukavu au Bujumbura anayezungumza Kiswahili na Kifaransa tangu nyumbani ana mtaji ambao wenzake wa Dodoma na Mombasa watautafuta kwa ada, na anastahili kuujua kabla hajajaza fomu.

Kwa asiyefikisha alama za shahada, njia haijafungwa. Stashahada ya uhasibu, ya tiba ya viungo au ya utangazaji ina soko, na ukocha wenyewe hupandwa kwa leseni za CAF, daraja kwa daraja, bila kudai shahada ya chuo kikuu. Afadhali stashahada ya ujuzi unaoeleweka kuliko shahada ambayo mwenyewe hawezi kueleza inafanya nini.

Basi wewe unayesubiri dirisha la udahili kufunguliwa, fanya hivi kabla hujachagua. Nenda klabu iliyo karibu nawe, au studio, au ofisi ya chama cha michezo cha wilaya, uulize ni kazi gani imekwama kwa kukosa mtu anayeijua. Usiulize kama wana nafasi, uliza kilichokwama. Wakikuambia ni hesabu, mikataba, majeruhi, sauti au barua za Kifaransa, rudi nyumbani ufungue mwongozo wa vyuo utafute kozi inayofundisha hicho. Nawe mzazi, mwanao akirudi na jibu hilo, mlipie ada.